Upeo bandia wa oili chafu: kupima jua kwa sekstanti ukiwa Kisumu

Sekstanti, kifaa cha mabaharia cha kutafutia mahali walipo, hupima pembe kati ya jua na upeo, ule mstari ambapo maji hukutana na mbingu. Mombasa mstari huo upo bure, unashuka ufuoni unaukuta. Kisumu haupo, licha ya ziwa lote lile. Asubuhi jua liko upande wa milima ya Nandi, juu ya nchi kavu. Alasiri linageukia Ghuba ya Winam, lakini ghuba imezingirwa na ardhi, na ukipanda juu kidogo ili uone vizuri, kinachoonekana ni ufuo wa ng'ambo wenye vilima na utusitusi nyuma yake. Ukiupima ufuo huo kana kwamba ni upeo halisi, utakosea kwa kiasi usichoweza hata kukikadiria. Nakuru ndiyo kabisa: kaskazini Menengai, kwingine kuta za Bonde la Ufa.

Dawa yake ni ya zamani. Wasafiri wa karne ya 19 waliopima ramani za bara walibeba zebaki, wakaimimina kwenye trei, kisha wakapima pembe kati ya jua la mbinguni na jua linaloonekana ndani ya zebaki. Trei hiyo ndiyo upeo bandia. Kioevu kilichotulia hujilaza sawasawa chenyewe, hakitaki pimamaji wala skrubu. Jua la ndani ya trei huonekana liko chini ya usawa kwa kadiri ileile ambayo jua halisi liko juu yake, kwa hiyo pembe unayoisoma ni mara mbili ya kimo cha jua. Unagawanya kwa mbili. Kuna na faida ya pembeni: kosa la mkono wako unapogusanisha picha za majua hayo mawili ndani ya sekstanti nalo hugawanywa kwa mbili.

Hasara yake ni moja, na kwa anayeishi karibu na ikweta ndiyo inayoamua mambo yote. Tao la sekstanti nyingi, yaani kipimo chake chenye digrii, hukoma kwenye 120° au 125°. Kwa hiyo jua likishapita kimo cha 60° hivi, halipimiki tena. Vitabu vya mafunzo, ambavyo vingi vimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, humwanzisha mwanafunzi na jua la adhuhuri kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Sasa tazama: Kisumu iko kama 0°06′ kusini ya ikweta (alama ′ ni dakika ya pembe, 60 kwa digrii moja). Mwishoni mwa Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini hadi mwisho wake, kimo cha adhuhuri hapa ni 66°28′. Mwishoni mwa Desemba ni 66°40′. Mara mbili ya hapo ni kama 133°, na siku nyingine zote za mwaka jua linakuwa juu zaidi ya hapo. Hakuna hata siku moja ambayo jua la utosini litapimika kwa upeo bandia na sekstanti ya kawaida, iwe ni Kisumu, Maseno, Kakamega au Nakuru. Wanaoanza hupoteza siku nyingi kwa kudhani wao ndio wanaokosea.

Basi sahau adhuhuri. Kazi hufanyika jua likiwa kati ya 20° na 60°. Chini ya 20° picha kwenye trei inabanwa mno. Kwa saa zetu, mnamo Machi 20, hiyo ni kuanzia saa mbili na dakika kumi hivi asubuhi hadi saa tano kasorobo, halafu tena kuanzia saa tisa kasoro dakika kumi alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Juni na Desemba dirisha la asubuhi hurefuka hadi kama saa tano na dakika 25. Kumbuka pia kwamba saa ya Kenya hufuata longitudo ya 45° mashariki, ilhali Kisumu iko kwenye 34°45′ hivi. Kwa wastani jua hufika juu kabisa saa sita na dakika 41, si saa sita kamili. Nakuru ni kama saa sita na dakika 36. Kutegemea mwezi, ongeza au punguza hadi robo saa.

Kati ya asubuhi na alasiri, Kisumu chagua asubuhi. Baada ya chakula cha mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma na mawingu ya mvua hujikusanya, na trei ya kioevu haipendi vyote viwili.

Kioevu

Zebaki iache. Maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Migori na Kakamega kwa mfano, bado inapita mikononi mwa watu na hivyo si vigumu kuipata. Lakini mvuke wake hauonekani wala haunuki, huingia mapafuni na kuharibu neva, na tone likishadondoka kwenye ufa wa sakafu limekaa humo. Uzuri wake wa kung'aa hauhitajiki kwa kupima jua. Jua lina mwanga wa kutosha hata ukitupa sehemu 95 kati ya 100.

Na ndivyo inavyokuwa kwa oili. Uso wa oili hurudisha kama sehemu 4 tu kati ya 100 za mwanga unaoupiga kutoka juu, maji kama sehemu 2. Kiasi kilichobaki hupenya hadi chini ya trei, na hapo ndipo penye mtego: chini kukiwa na rangi ya kung'aa, mwanga huo unarudi na kukutengenezea jua la pili, hafifu, lililokaa pembeni kidogo mwa lile la kweli. Ndiyo maana oili chafu ya injini inashinda oili mpya. Imejaa masizi, mwanga hauvuki milimita chache. Gereji yoyote itakupa nusu lita, maana wengi huitaka kwa kupaka vigingi vya ua visiliwe na mchwa. Ichuje mara mbili kwa soksi ya nailoni, uiache kwenye chupa siku mbili ili uchafu mzito ushuke, kisha utumie ile ya juu. Vaa glavu, oili iliyotumika ina vitu visivyofaa ngozi. Ukiwa na njia ya kupata oili ya gia, SAE 90 au 140, hiyo ni nzito zaidi na hustahimili upepo kuliko ya injini, ila ni angavu, kwa hiyo trei lazima iwe nyeusi tii.

Watu wa Nyando na Muhoroni wana kioevu kingine mlangoni: molasi inayouzwa kama chakula cha ng'ombe. Ni nyeusi, nzito, haina sumu, na upepo mdogo hauitikisi. Lakini ikitoka kwenye mtungi ni nzito kupita kiasi. Mkwaruzo mmoja unabaki usoni dakika nzima, na uso ambao haujamaliza kujilaza unakupa pembe ya uongo huku ukionekana umetulia. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga polepole usiingize mapovu, hadi alama ya kidole ifutike ndani ya sekunde kumi hivi. Iache itulie dakika tano kabla ya kupima. Tatizo la molasi ni wageni. Nyuki huifikia kabla hujamaliza kukunja shati, sisimizi nao hawako mbali. Juani hufanya utando juu, na utando una mikunjo. Molasi ifunikwe kwa kioo muda wote, au ubaki na oili.

Maji matupu ni ya kujaribia tu, ndani ya nyumba, karibu na dirisha.

Trei

Fundi wa mabati pale soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kukukunjia trei ya sentimita 20 kwa 30, kimo sentimita 4, pembe zikiwa zimechomelewa kwa risasi. Trei ya kuokea mkate nayo inafaa, mradi chini yake iwe bapa. Zile zenye mistari au maandishi yaliyogongwa ziache. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, mara mbili, uache ikauke kabisa, la sivyo oili itaibambua. Kama unatumia molasi, ondoa kutu kwenye trei kwanza, maana molasi ina asidi kidogo na hula mabati yaliyokwaruzwa.

Kina cha kioevu ni milimita 5. Kwa trei ya ukubwa huo, ni mililita 300. Wengi hujaza wakidhani kioevu kingi ndicho hutulia, kumbe ni kinyume. Wimbi kwenye kioevu chenye kina kifupi husuguana na sakafu na kufa upesi. Kwenye kina cha sentimita tatu linakwenda na kurudi. Chini ya milimita 2 nako usiende, kwa sababu trei ikiinama kidogo tu upande mmoja unabaki mkavu.

Urefu wa sentimita 30 una sababu. Jua likiwa kwenye kimo cha 20°, jicho lako linaiona trei kwa mshazari na urefu wote huo unaonekana kama sentimita 10. Na hata hizo 10 si zako zote. Kioevu hupanda kidogo kwenye kuta za trei, na mpindo huo hauishii pale unapouona kwa macho. Kwa oili unahitaji kukaa sentimita 2 ndani kutoka ukingoni, kwa maji sentimita 3, ndipo uso uwe bapa kiasi cha kutokula hata sehemu ya kumi ya dakika moja ya pembe. Ukiona matokeo yako yanarukaruka bila mpangilio asubuhi isiyo na upepo, kagua kwanza kama hupimi jua lililo karibu na ukingo.

Paa la kioo

Siku tulivu, oili nzito na boma la kadibodi la sentimita 40 pande tatu vinatosha. Siku ya upepo unahitaji paa, na paa likitengenezwa ovyo huleta makosa makubwa kuliko upepo wenyewe.

Umbo lake ni kama paa la nyumba: vipande viwili vya kioo vilivyokutana juu kwa pembe ya 90°, kila kimoja kikiwa na mteremko wa 45°. Jua linaingia kwa kipande kimoja, linagonga oili, linatoka kwa kipande cha pili kuja kwako. Mwambie mkata vioo akukatie vipande viwili vya milimita 3, sentimita 26 kwa 26. Fremu ya chini ya mbao iwe na nafasi ya ndani ya sentimita 26 kwa 36, na mbao mbili za pembetatu zizibe kulia na kushoto. Bandika kwa silikoni, si kwa misumari, na uache silikoni ikauke siku nzima nje ya trei kwa sababu mvuke wake hutia ukungu kwenye kioo. Trei inakaa ndani, upande wake mrefu ukielekea jua, na mgongo wa paa ukikingama mbele yako.

Kioo cha dirisha kinaonekana bapa. Mara nyingi upande mmoja ni mnene kuliko mwingine kwa unywele, na unywele huo unapinda mwanga. Kuna namna mbili za kujilinda, na inafaa kutumia zote mbili.

Ya kwanza ni kupima kioo kabla ya kukibandika. Weka sekstanti kwenye sifuri, elekeza kwenye mlingoti wa simu ulio mbali, kilomita mbili au zaidi, na ufanye picha mbili zilaliane kabisa. Kisha shikilia kipande cha kioo mbele ya kioo cha juu cha sekstanti tu, kile kinachozunguka na mkono, huku njia ya moja kwa moja ikibaki wazi. Zungusha kipande hicho polepole. Picha zikiachana, rudisha kwa gurudumu la dakika, lile linalosogeza mkono wa sekstanti taratibu, na usome umesogeza kiasi gani. Kipande kinachosogeza picha kwa zaidi ya 1′ mrudishie mkata vioo, akukatie kutoka karatasi nyingine. Usione haya kuomba. Hasara yake ni ndogo.

Ya pili ni kugeuza paa. Andika A kwenye ncha moja ya fremu. Pima nusu ya vipimo A ikiwa upande wako, kisha nyanyua paa, ligeuze nyuma mbele, upime nusu iliyobaki. Kosa la kioo hubadilisha alama, na wastani hulifuta. Asiyegeuza paa atapata matokeo yanayokubaliana vizuri sana, yote yakiwa yamekosea kwa kiasi kilekile.

Karatasi laini ya nailoni ya kufunikia chakula, ikivutwa vizuri juu ya fremu, haina kosa hilo kwa kuwa ni nyembamba mno. Jua linaonekana na ukungu kidogo pembezoni. Kwa mazoezi inafaa, ila hudumu siku moja.

Kuna wanaopendelea kioo cha kujitazamia kilichosawazishwa kwa pimamaji. Pimamaji la fundi wa ujenzi likiwa zuri husema kweli hadi nusu milimita kwa mita, sawa na 1.7′. Mwinamo wa kioo hauponi kwa kugawanya kwa mbili: kioo kikiinama 1.7′ kuelekea jua, kimo chako kinakosea 1.7′ nzima. Isitoshe, rangi ya kurudisha mwanga iko nyuma ya kioo, kwa hiyo unapata majua mawili, moja la uso wa mbele na moja la nyuma. Oili ni rahisi na ni sahihi zaidi.

Kukamata majua mawili

Weka trei chini, kwenye udongo au zege lililoshikana na ardhi. Roshani ya ghorofa haifai. Mtu akipita chumba cha pili oili inatetemeka. Kando ya barabara ya malori pia, na ukiweza weka kipande cha mpira wa tairi chini ya trei. Sogea nyuma hadi uone jua ndani ya oili. Jicho likiwa mita moja juu ya trei, kwa kimo cha 20° utakaa mita 2.7 nyuma, kwa 60° utakaribia hadi sentimita 58. Kigoda ni bora kuliko kusimama.

Vioo vya giza kabla ya chochote. Jua la ndani ya oili limepungua nguvu lakini bado linaumiza jicho, hasa kupitia darubini ya sekstanti. Upande wa jua la mbinguni weka giza zito, upande wa trei giza jepesi, na rangi zikiwa tofauti ni vizuri zaidi: jekundu ni la juu, la kijani ni la ndani ya oili, huwezi kuchanganya.

Kulitafuta jua kwa kubahatisha kunachosha mkono. Chukua kimo cha jua kutoka programu yoyote ya nyota kwenye simu, kizidishe kwa mbili, weka sekstanti hapo kabla ya kuinua. Tazama jua lililo kwenye trei, tikisa mkono wa sekstanti kidogo mbele na nyuma, na jua la pili litaingia.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu wa baharini. Jua la mbinguni likikaa juu ya lile la trei huku yakigusana, umepima ukingo wa chini. Asubuhi, ukiwa umepima ukingo wa chini, picha huwa zinaachana, alasiri zinakaribiana. Tumia hilo. Asubuhi weka sekstanti mbele kidogo, picha zikiwa zimepandana, usiguse gurudumu tena, usubiri ziachane hadi zibakie kugusana kwa nukta moja tu, kisha useme "sasa!" Alasiri ziweke mbalimbali na uzisubiri zikutane. Mwenzako aandike sekunde kwanza, halafu dakika, halafu saa. Anayeanza kuandika saa hupoteza sekunde.

Na sekunde huku ni ghali. Karibu na ikweta, Machi na Septemba, jua hupanda wima: 15′ kila dakika ya saa, yaani 1′ kila sekunde 4. Kwenye trei mwendo huo ni maradufu, hivyo kutoka picha zilipofunikana kabisa hadi zinapogusana ukingo kwa ukingo ni kama sekunde 64. Ukichelewa sekunde 4 kusema "sasa", longitudo yako imehama 1′, kilomita 1.85. Usitegemee saa ya ukutani. Tumia programu ya simu inayoonyesha muda wa setilaiti.

Chukua vipimo sita, vitatu kwa kila upande wa paa, na uvichore kwenye karatasi ya grafu, saa chini na pembe kando. Kila kikundi cha vitatu kinapaswa kukaa kwenye mstari wake ulionyooka. Kipimo kilichoruka nje ya mstari kitupe bila huruma.

Hesabu, na hewa ya juu

Mpangilio wa masahihisho ndio unaokosewa. Kosa la sifuri la sekstanti linatolewa kabla ya kugawanya kwa mbili. Mengine yote baada ya kugawanya. Mfano: sekstanti inasoma 84°26.4′, na ilipokaguliwa kwenye mlingoti ilisoma 2.0′ badala ya sifuri. Toa: 84°24.4′. Gawa: 42°12.2′. Toa kupinda kwa mwanga hewani, 0.9′: 42°11.3′. Ongeza nusu kipenyo cha jua, kwa kuwa ulipima ukingo wa chini, tuseme 16.0′: 42°27.3′. Ongeza paralaksi, tofauti ndogo ya kupimia usoni mwa dunia badala ya kitovuni, 0.1′. Kimo cha kweli ni 42°27.4′.

Sekstanti ya plastiki, kama Davis Mark 15, hubadilisha kosa lake la sifuri inapopata joto. Likague kabla na baada, na usiiache juani ukinywa chai.

Sahihisho la kimo cha jicho, lile la mabaharia, halimo kabisa kwenye upeo bandia. Hili linafaa kukaziwa, maana kuna anayesoma kwamba Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, akaingiza namba hiyo kwenye programu kama kimo cha jicho. Programu humtolea 59′. Anajikuta kilomita 109 kutoka alipokaa.

Lakini mwinuko una kazi mahali pengine. Hewa ya huku ni nyepesi, na hewa nyepesi hupinda mwanga kidogo. Majedwali ya almanaka, kitabu cha kila mwaka cha mahali pa jua na nyota, yametayarishwa kwa hewa ya milibari 1010 na joto la 10°C. Kisumu shinikizo halisi ni karibu 885, Nakuru karibu 815, na jedwali la nyongeza la almanaka halishuki hadi huko. Fanya mwenyewe: gawa shinikizo lako kwa 1010, kisha zidisha kwa 283, gawa kwa jumla ya 273 na joto. Kisumu kwenye 28°C unapata 0.82. Kupinda kwa 2.6′ kwenye kimo cha 20° kunashuka hadi 2.1′. Ni nusu dakika, lakini ni nusu dakika ya kila siku, upande uleule. Angalizo: shinikizo linalotangazwa na programu za hali ya hewa limeshageuzwa kuwa la usawa wa bahari, ndiyo maana linasoma 1013 au hapo karibu. Unataka lile la kipimo kilichomo ndani ya simu.

Kwa sababu almanaka huunganisha kupinda, nusu kipenyo na paralaksi kwenye namba moja, anza na namba hiyo, halafu ongeza ile tofauti uliyopunguza kwenye kupinda.

Latitudo inatoka wapi?

Hapa ikweta inakubana tena. Machi na Septemba jua hutoka mashariki kamili, hupanda wima, hushuka magharibi kamili. Kila kipimo hukupa mstari mmoja wa kuchora kwenye ramani, nawe uko mahali fulani juu yake; mahali kamili ni pale mistari miwili inapokatana. Miezi hiyo kila mstari unakwenda kaskazini–kusini, na mistari sambamba haikatani. Utapata longitudo safi kabisa, latitudo hupati hata upime kutwa.

Juni na Desemba mambo ni mazuri. Mwishoni mwa Juni, jua likifika 60° asubuhi, liko 37° mashariki ya kaskazini; likirudi 60° alasiri, kama saa nane kasoro dakika moja, liko 37° magharibi ya kaskazini. Mistari ya vipimo hivyo viwili hukatana kwa 74°, na muda kati yake hauzidi saa mbili na nusu kwa mengi. Anayetaka kuonja mahali kamili kwa jua peke yake apange mazoezi yake miezi hiyo.

Miezi mingine geukia nyota. Oili hupunguza mwanga wa nyota kiasi kwamba zinazobaki ni chache, lakini katikati ya Februari kuna jozi inayotosha. Capella hupita juu kaskazini kama saa mbili na dakika 20 usiku, kwenye kimo cha 43°54′ hivi. Saa moja na ushei baadaye, kama saa tatu na dakika 25, Canopus hupita kusini kwenye 37°24′. Mara mbili ya vimo hivyo ni karibu 88° na 75°, sekstanti inafika bila shida. Canopus huonekana vizuri kwenye oili ukiwa mbali na taa za mji. Capella inataka macho yaliyokaa gizani robo saa, na darubini. Ondoa vioo vya giza, weka sekstanti kwenye pembe uliyoihesabu mapema, na uilaze nukta moja juu ya nyingine. Paa ondoa pia. Usiku Kisumu upepo wa ziwa umelala. Wanaobaki ni wadudu wa ziwani, wanaofuata taa, basi tumia tochi nyekundu hafifu na ufunike trei kila unapopumzika. Mdudu mmoja anayepapatika kwenye oili ametosha kuvunja kipimo.

Uzuri wa kupima nyota moja kaskazini na nyingine kusini ni kwamba kosa la sekstanti linalobaki huivuta latitudo ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Kaskazini ikikupa 0°05.2′ kusini na kusini ikikupa 0°07.0′, wastani ni 0°06.1′, na nusu ya tofauti, 0.9′, ni kosa lililojificha kwenye vimo vyako. Litafute kwanza kwenye kosa la sifuri. Likiwa la sifuri, kwenye usomaji wa sekstanti limekuwa 1.8′, na kwenye sekstanti ya plastiki iliyotoka ndani ya nyumba ikaingia baridi ya usiku hicho si kiasi cha kushangaza.